Karani wa Mizani

Nisikilizeni kabla msimu haujapamba moto,
kabla magunia hayajafika mlangoni.
Siku nikikatiza kilo katikati ya namba,
nikashika nguzo ya mizani kama mgeni aliyepotea njia,
msiulize nimekula nini.
Msiniite jina mara saba.
Si jini, Somoe. Nimeshasema si jini.

Ni moyo.
Unapiga sawa, sawa, sawa, halafu
unaruka kidato kama mtoto anayeshuka ngazi gizani,
halafu unarudi kwa pupa,
debe la korosho lililomwagwa kwenye saruji.
Mimi niliyewafichua walanguzi wa kangomba miaka kumi na mmoja
nimefuga mmoja kifuani.
Anajaza, anapunja,
haandiki popote.

Kule Ndanda walinibandika nyaya kifuani na miguuni,
mashine ikatema karatasi ndefu.
"Milima yako hailingani," akasema daktari,
kijana mdogo, kalamu sikioni.
Akanipa vidonge, nusu asubuhi, nusu usiku.
Akasema: kunywa maji mengi.
Maji mengi! Newala!
Nilicheka hadi akanipima tena.
Hata hivyo nimenunua dumu langu peke yangu,
nimeliandika jina kwa makaa,
na mume wangu Mnunduma analiruka
kama anavyoruka kaburi.

Kwanza sauti zinakwenda mbali,
wapakiaji wanaongea kutoka ndani ya mtungi.
Kisha pembe za macho zinaingia ukungu,
ule wa alfajiri pale Shimo la Mungu,
unaopanda bila miguu
hadi huoni bonde, huoni Ruvuma,
huoni kidole chako mwenyewe.
Zamani, hapo ndipo nilipokuwa najikaza.
Aibu, kuanguka mbele ya wanaume wenye magunia!
Nilianguka mara mbili.
Mara ya pili jino lilikutana na chuma cha mizani,
kipande sijakiona mpaka leo,
pengine kilisafiri na korosho za daraja la kwanza.

Siku hizi naanguka mwenyewe kabla sijaangushwa.
Naketi palepale, vumbi na liwe vumbi,
nalala chali, visigino juu ya gunia,
napishanisha miguu, nabana mapaja,
nakunja ngumi kama niliyeshika pesa za watu,
na nahesabu. Si mapigo, mapigo ni mwongo.
Nahesabu mabati ya paa:
arobaini na mawili, moja lina tundu.
Tundu likiwa mawili, bado nipo safarini.
Likiwa moja, nimefika.

Wewe, Somoe, kazi yako unaijua.
Legeza mtandio shingoni, sogeza watu.
Usinimwagie maji, maji ya bei ile!
Usininyanyue.
Mwambie mkulima, "Karani kapumzika, foleni haijafa."
Ila ukiniita nisiitike,
au midomo ikigeuka rangi,
hapo acha mabati.
Bodaboda, hospitali, mbio.

Jana Bi Nampembe alileta fuko lake
akanikuta sakafuni.
Hakuuliza. Aliketi kando yangu,
akalala, akapandisha miguu yake yenye nyufa juu ya gunia lilelile.
"Na mie nimechoka," akasema,
"ila sikujua kama hapa panaruhusiwa."
Nilicheka, na kicheko kikaniuma mbavu,
na katikati ya kicheko moyo ukagonga mara moja, kwa uzito,
kama jiwe la mizani linaporudi pahala pake.

Nikainuka kwa vituo:
kiwiko, kitako, goti, nguzo.
Nikasoma kilo, nikazisoma tena, nikazisoma tena.
Nikaandika ishirini na tatu na nusu.
Ile nusu ilikuwa yake.