Dirisha Namba Tatu

Kituo cha afya, Ibra. Saa moja asubuhi
kiyoyozi kishaanza kulia,
nami nauliza kila ajaye
neno ninalolipwa kuliuliza:
kadi?

Huyu hana. Kadi yake imo drooni kwa kafili,
na kafili yuko Salala, anatazama mvua ya kharifu.
Ameshika ubavu. Homa imemkausha midomo.
Kiarabu chake kinaishia kwenye *fagia* na *haraka*,
basi nikamjaribu kwa lugha ya bibi yangu:
Waumwa wapi, mwanangu?
Akanitazama kama aliyeitwa jina lake kutoka ndani ya kisima.

Udaghwenga. Mbarbaigi, wa Hanang.
Malisho ya babu yake yalilimwa ngano,
trekta zikapita juu ya makaburi,
na walipolalamika wakaambiwa: leteni hati.
Aliyasema haya kipimajoto kikiwa kwapani,
taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia ya sokoni.

Nikainamia karatasi.
Kwetu kabatini kuna kopo la biskuti,
ndani yake hati ya shamba la Wete:
mikarafuu mia nne, muhuri, saini ya babu.
Utotoni nikililia shamba lile pamoja na mama.
Sikuuliza nani alikuwapo kabla ya muhuri,
wala karafuu zilichumwa kwa vidole vya nani.
Hati tunayo.
Haki, sijui.

Nidhal wa dawa akaja kuuliza foleni imekwama wapi.
Babu yake wa Lidd; yeye wa kambini.
"Sisi," akasema, "mtoto alikariri namba ya kadi ya mgao
kabla hajajua kufunga kamba za viatu."
Nikamtafsiria Udaghwenga. Akacheka, ubavu ukamkata.
"Mwambie kwetu ng'ombe ndio waliokuwa na namba."

Kompyuta inataka tarakimu nane.
Nikaandika zangu.

Kwa hiyo leo, serikalini, mimi Rayya binti Seif
nina figo iliyovimba, umri wangu umerudi nyuma miaka thelathini,
na kundi langu la damu limebadilika.
Jumapili mkaguzi ataniuliza.
Nitamwambia nini? Kwamba tumekuwa ndugu?
Ndugu gani, mmoja yuko nyuma ya kioo.

Amepelekwa ndani. Nyuma yake
kijana wa Sylhet, kidole kimefungwa kipande cha mfuko wa saruji,
damu inadondokea kwenye vigae.

Kadi?

Namba ninayo moja tu.