Bamba 0417

Siglufjörður, Novemba. Mlima umelimeza jua
hadi mwisho wa Januari, nasi tunaishi kwa taa.
Mezani pangu: bamba la kioo, jembamba kama barafu ya kwanza,
na mwongozo wa kurasa mia mbili na sita
ulioandikwa na watu wasiojua harufu ya heringi.

Uga wa kwanza, Kitambulisho: 0417.
Huo hauna ugomvi.
Uga wa pili, Tarehe: mwaka, kistari, mwezi, kistari, siku.
Bahasha yasema, kwa penseli iliyofifia:
"kiangazi kile baada ya zizi la Þorgils kuungua".
Naandika 1938, natia alama ya kuuliza.
Mfumo unaikataa alama ya kuuliza.
Mfumo haujawahi kuwa na shaka maishani.

Uga wa tatu, Watu.
Jina la ukoo, koma, jina la kwanza.
Lakini huku kwetu hatuna ukoo wa kuutanguliza:
mtu ni yeye, halafu ni binti wa babaye,
na baba akifa, jina lake haliwi paa la wajukuu.
Nimewaandikia kamati barua tatu.
Wamenijibu kwa adabu: jaza kama ulivyoelekezwa.

Nahodha huyu aliyesimama pembeni, mikono mifukoni,
ana jina kamili, cheo, hata jina la meli.
Wanawake kumi na mmoja walioinamia mapipa,
kisu mkononi, chumvi hadi viwikoni,
bahasha inawaita "wasichana".
Kila pipa likijaa, kibati kilidondoshwa ndani ya buti;
alfajiri walirudi kulala, mshahara ukigonganagongana miguuni.
Nimetafuta katika orodha ya istilahi zilizoidhinishwa:
Uvuvi. Wanawake, ajira ya. Viatu.
Kibati ndani ya buti hakimo.

Alhamisi akaja Eldjárn kutengeneza kipasha joto,
fundi wa miaka sabini na mitatu, mchache wa maneno.
Akiwa kapiga magoti na spana yake
akaiona picha kwenye kompyuta.
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
"Wa nne kutoka pipa la mwisho. Mama. Steinvör."
Vidole vyangu vilikwisha kuanza kuandika
aliposema: "Lakini huyu si yeye."

Huyu hana kidole cha shahada mkono wa kulia.
Mama kisu kilimkata wa kushoto, ulioshika samaki.
"Wa kulia ulikuwa mzima," akasema, akijigusa shavu.
"Nilizabwa nao. Vyote vitano."

Nikautazama mlima nyuma yao,
mlima ninaouona tangu nizaliwe,
na ndipo nikauona umekaa kinyume.
Bamba nililaza kifudifudi kwenye skana.
Si hilo tu: mabamba mia mbili na kumi na mawili,
kiangazi kizima cha kazi,
na katika kila rekodi, uga wa kumi na tisa,
"Upande wa bamba umethibitishwa?"
mimi, Jórunn, kwa mkono wangu, nimejibu Ndiyo.

Mwongozo haukukosea. Niliujaza wote.

Mzee alimaliza kazi yake, akakataa malipo,
akauliza tu kama choo kiko wapi,
akakaa humo muda mrefu.
Nilipoligeuza bamba, kidole kilihama mkono,
mlima ukarudi ulipozoea,
na nahodha akaenda upande wa pili wa picha,
huko, sijui kwa nini, akaonekana mfupi.

Sasa ni saa nne usiku, skana inanguruma,
nimeanza upya kutoka 0001.
Lakini 0417 nimeitanguliza, kanuni haikatazi.
Kwenye Watu nimeandika Steinvör, bila koma.
Taa nyekundu imewaka. Iwake.
Kwenye Chanzo cha Taarifa, herufi zisizozidi arobaini:
"Mwanawe. Alizabwa na mkono huo."
Zimebaki nafasi tisa,
na wanawake kumi.