Mchanga wa Peso Mia Nne na Tisini

Redio ilisema kimbunga kingefika Alhamisi.
Jumanne nilishuka Virac na peso mia saba,
mia mbili kati yake za deni,
kutafuta tochi, na pawabenki ya kuchajia simu,
kwa sababu mwanangu Jomar yuko melini, bahari za kaskazini,
na mwaka jana alikaa siku kumi na moja
asijue kama tuna paa au hatuna.

Duka la kwanza: elfu mbili. Niliitazama tu,
kama mtu anavyotazama harusi ambayo hakualikwa.
Duka la pili: zimekwisha tangu asubuhi, mama,
imebaki mishumaa yenye harufu ya waridi.
La tatu halikuwa duka. Lilikuwa meza,
na kijana mwenye mdomo wa asali:
"Elfu ishirini hii! Inajaza simu mara sita!
Pima uzito wake, mama. Uzito hausemi uongo."
Nikaishika. Nzito kama jiwe la kusagia.
Mia nne na tisini. Nikalipa.
Akaniongezea tochi ya plastiki, ya bure,
iliyowaka hadi kituo cha basi.

Usiku nikaijaribu. Simu ilipanda
kutoka kumi hadi kumi na tisa,
kisha taa nne za buluu zikafumba macho pamoja.
Rahisi huvunja upishi, nilijua,
lakini mwenye kujua na mwenye fedha
si lazima wawe mtu mmoja.

Jumatano, Crisanto fundi redio
aliipasua kwa kisu cha samaki, juu ya gazeti.
Ndani: betri moja, nyembamba kama kidole cha mtoto,
na kifuko cha mchanga, kimebandikwa vizuri kwa gundi.
Hakucheka. Namshukuru kwa hilo.
Akavuta boksi chini ya benchi,
betri za kompyuta zilizokufa ofisini kwa meya.
"Kompyuta ikifa," alisema, "hawafi wote waliomo."
Akazipima moja moja. Mshale wa mita
ukalala, ukalala, ukainuka.
Ukalala.
Kumi na mbili zilikuwa maiti. Nne zilikuwa zimezimia tu.
Akazilehemu, akazivisha utepe mweusi,
akazilaza ndani ya kibweta cha sabuni, cha kijani,
ambacho bado kilinukia.
"Usiiloweshe. Usiilalie. Ikipata joto, itupe nje."
Na tochi? Aling'oa taa ya pikipiki ya shemeji yake.
"Atanisamehe maji yakishuka."
Mia na themanini. Nikatoa zile za deni;
anayenidai naye alikuwa anatafuta tochi.

Kimbunga kilikuja na miguu yake yote.
Mabati yalipiga makofi, kisha moja likaondoka bila kuaga.
Saa nane usiku maji yaliingia jikoni
na mama mkwe wangu, Consolacion, akapiga yowe,
si kwa ajili ya paa, si kwa ajili ya nguruwe:
meno yake ya bandia yalikuwa kwenye glasi
na glasi ilikuwa imeanza safari.
Tukayawinda kwa taa ya pikipiki,
wanawake wawili, sketi kiunoni,
mwanga mweupe ukitembea juu ya maji ya kahawia,
ukagusa ndala, kitunguu,
mtakatifu wa plastiki anayeogelea chali,
mpaka yale pale, nyuma ya jiko, yakitabasamu.

Mtandao ulirudi Jumamosi, mstari mmoja,
kilimani tu, karibu na makaburi.
Kibweta cha sabuni kilikuwa kimeshalisha simu tano za majirani.
Nikamwandikia Jomar:
"Paa nusu. Bibi ana meno.
Usitume pesa mpaka nikuambie za nini."
Ujumbe ulizunguka, ukazunguka, ukaenda.

Mchanga ule sikuutupa.
Sufuria zilikuwa zimeganda tope,
nikazisugua nao, kwa makumbi ya nazi.
Unang'arisha, siwezi kuusingizia.
Kwa peso mia nne na tisini
ilibidi ung'arishe.