Ukurasa wa Nyuma

Mbele ya daftari niliandika kilo.
Mtumba wa Nzige: sitini na mbili.
Mtumba wa mjane Kabula: arobaini na tisa,
unyevu umezidi, urudishwe ukakauke.
Nyuma ya daftari, kwa penseli,
nipate kufuta afisa ushirika akitokea,
niliandika marais.

Walikuwa wanne wiki ile ya fomu.
Injinia Rwezimula, aliyejenga madaraja
(daraja moja, akasahihisha Lusangija, na maji yanapita juu).
Kanali Nandonde, mstaafu,
anayetembea kana kwamba gwaride halijaisha.
Bi. Zaituni Mwakatundu wa Hazina, hacheki hata kwenye picha.
Na kijana Kisanji, aliyepita Urambo kwa pikipiki
akamaliza wadhamini kabla ya chai ya saa nne.

Ghala lilinuka tumbaku na jasho.
Tulichambua, tukabishana:
majani ya chini huku, ya kati huku,
yaliyoungua pale mlangoni.
"Rwezimula ni jani la kati," akasema Mihayo,
"pana, linang'aa, mnunuzi halipiti. Arobaini kwa mia. Andika."
Nikaandika.
"Shusha! Kwao wamesimama wawili, kura zitagawanyika."
"Kwao wapi? Kura ni ukoo?"
"Wewe umezaliwa jana."
"Jana hiyohiyo Kanali wako alikuwa keshastaafu!"
Kicheko. Jani zuri likakanyagwa.
Kisanji akapewa kumi, kwa ajili ya pikipiki.

Kabula hakuinua kichwa.
Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa gundi ya majani,
ile isiyotoka kwa sabuni, hutoka kwa msimu.
"Yule mama hacheki kwa sababu anahesabu," akasema.
"Na mimi nikihesabu sicheki."
Nilikuwa nimempa Zaituni kumi na tano.
Akanitazama.
Nikafanya arobaini na tano.

Kufika adhuhuri, jumla ilikuwa mia na thelathini kwa mia.
"Karani gani huyu!" wakapiga kelele.
"Kumbe ndiyo maana malipo yetu hayatimii!"

Kisha akaingia Kasele, muuza pembejeo,
mjumbe wa Mkutano Mkuu.
Sisi sote mle ndani tulikuwa na maneno;
kura alikuwa nayo yeye,
mfuko wa shati, pamoja na miwani na vocha iliyokwisha kukwanguliwa.
Tukamzunguka. Mihayo akarudia jani la kati,
Nzige akapiga saluti ya Kanali,
Lusangija akaapa kwa mama yake, aliye hai na mzima.
Kasele akatabasamu, akauliza bei ya mbolea ya mkopo,
akapima mtumba wake, akaenda.
Ijumaa alipanda treni ya Dodoma
na dumu la asali lililofungwa kwa kamba mbili.
La nani, hakusema.

Redio ilisoma majina usiku.
Kamati ilikuwa imekata.
Rwezimula hayumo. Kanali hayumo. Pikipiki haimo.
Yalibaki matatu:
Zaituni, na mawili ambayo penseli yangu haikuwahi kuyagusa.
Kesho yake, mmoja wa hao wawili akashinda.
Mihayo alisema alijua tangu mwanzo.

Kasele alirudi na kofia mpya.
"Ulimpa nani?"
"Niliyempa ameshinda," akajibu,
na tangu siku hiyo sijakutana na mjumbe aliyempa mwingine.
Kabula peke yake aliuliza:
"Zaituni alipata ngapi?"
"Mia mbili na kumi na moja."
Akalirudia tarakimu kwa tarakimu, midomo tu,
kama mtu anayekagua chenji,
kisha akavuta fungu jingine la majani.

Jumatatu afisa ushirika akaja, ghafla, kama wajavyo.
Akapekua kilo, akapekua madeni,
akafika nyuma.
"Na hii? Mia na thelathini ya nini?"
Ghala zima likanyamaza.
Nikatazama mitumba, nikatazama mizani.
"Unyevu," nikasema.
"Ulizidi."