Jino la Mkesha

Mkesha wa Krismasi tulikanda kilo nne,
hapa Chavakali, mvua ikipiga mabati.
Kageha alikabidhiwa mti wa kusukumia.
Chapati yake ya kwanza ilikuwa sikio la ng'ombe.
Ya saba ikatoka duara. Hakujisifu,
alinitazama tu.

Ndipo Mideva akapiga yowe: jino!
Lililolegea tangu shule zifungwe
halimo mdomoni, wala sakafuni,
wala kwenye beseni la unga.

Tulikula polepole usiku ule,
kila mtu akitafuna kama mgeni ukweni.

Asubuhi, kabla ya kanisa na magauni mapya
(la Mideva limeshonwa refu, lisubiri mwakani),
nilimwona Kageha akipukuchua hindi la mbegu
linaloning'inia juu ya moshi,
akachagua punje moja, nyeupe, ndogo.
"Nimelipata," akamwambia mdogo wake.

Likarushwa juu ya paa.
"Mjusi, chukua bovu, nipe jipya!"
Likalia ti, ti, likanyamaza.

Nami mkono mfukoni
nililishika jino lenyewe,
la ndani ya ile chapati ya saba.

Mvua za Machi zikija
nitachungulia mfereji wa paa.