Dhamana ya Siku Tisini

Bodi mama niliinunua Machi, mvua ikipiga
maturubai ya mtaa wa Santa Ifigênia,
kwa Genivaldo, mwenye duka la upana wa mlango
na ulimi wa kumuuzia samaki maji.
"Mpya hii. Shika pembe, pini usiguse."
Akanigongea risiti mhuri wa zambarau:
dhamana, siku tisini.

Mimi ni mlinzi wa usiku, jengo la madaktari wa meno.
Mshahara wangu haukai kitako:
tarehe tano umeingia, tarehe sita umeaga.
Kompyuta nzima nzima hununuliwa na wenye kadi.
Yangu niliila kama muwa,
pingili kwa pingili, mwezi kwa mwezi.

Aprili, prosesa: ndogo kama biskuti, bei ya friji.
Mei, hakuna. Jino la Tainá
(tena si kwa madaktari ninaowalinda, hao siwamudu).
Juni, kumbukumbu, vijiti viwili, giga nane kila kimoja,
baada ya kuingia maduka kumi na moja
nikiuliza swali lilelile kwa sauti mbalimbali:
kwa huyu mnyonge, kwa yule mjuzi,
kwa yule nimeshaondoka mlangoni, niite basi.
Hakuna aliyeniita.
Ghorofani, kwa Rosângela, nilichoka nikanyamaza,
na ndiye aliyepunguza.

Julai nilikiona kigawa umeme cha bei ya karanga.
Nikakipima mkononi: chepesi kama mkate wa juzi.
Wati mia sita zimekaa wapi humu?
Rahisi ghali, nikajisemea, nikakirudisha,
nikaenda nyumbani kwa miguu, mikono mitupu,
nikijiona tajiri.

Maboksi yakajaa chini ya kitanda.
"Umeoa katoni," akasema Dalva, mke wangu,
akageukia ukutani.
Sikumwambia ya nini. Ningemwambia nini?
Kwamba jengoni mle, ngazi ya ghorofa ya tatu,
kipandio cha kumi na moja kimezidi vidole viwili,
na kila anayepita hujikwaa, hulaani kiatu chake;
kwamba miaka sita nakipanda gizani na tochi
na nataka, mara moja tu, kuichora ngazi ile
inavyopaswa kuwa?

Novemba, skrubu ya mwisho.
Mezani, kitambaa cha Krismasi kimekunjwa pembeni,
Tainá ameshika bisibisi kama mshumaa.
Nikabonyeza.
Feni zikazunguka. Taa ikawaka, buluu, nzuri.
Kioo, giza.
Nikazima, nikawasha. Giza.
Nikaitafuta ile risiti: mhuri ulikuwa umefifia
na dhamana ilikuwa imekufa tangu Juni,
bodi ikiwa bado imelala kwenye povu lake,
haijawahi kuonja umeme hata siku moja.

Genivaldo sasa anauza mifuniko ya simu.
"Siku tisini, ndugu yangu. Kuna ndoa hazifiki huko."
Akacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Nikapanda kwa Rosângela, kasha kifuani kama mgonjwa.
Akawasha taa ya meza, akavaa miwani juu ya miwani,
akachungulia kidogo tu,
akaweka kidole gumba juu ya kijiti cha kumbukumbu
akakikandamiza bila huruma
mpaka kikalia: *ta*.
Kisha cha pili: *ta*.
"Uliogopa kuvivunja," akasema.
Nikakubali. Miezi mitatu ya zamu za usiku ile,
nani angeikandamiza?
"Ndiyo maana. Vilikuwa vimeegemea tu, havijakaa."

Kioo kikaandika herufi nyeupe.
Hakunitoza kitu. Alinilazimisha kununua
pakiti ya skrubu nisizozihitaji,
nami nilizinunua bila kuuliza bei.

Usiku ule sikuwa zamu.
Nilichora vipandio kumi, vyote sawasawa,
na nilipofika cha kumi na moja mkono ukasita,
mguu wangu chini ya meza
umeshajiinua vidole viwili.