Dumu la Kwenye Buti

Miaka kumi na tisa gari la kaka yangu Lutonja
lilitema maji kila kilima.
Milango miwili, rangi nyekundu iliyochujuka,
mlio wa simba, kifua cha kikohozi:
pale Bugando sharti litubu,
boneti juu, mvuke, watoto wa shule wakicheka,
nami na dumu langu la maji ya ziwa,
tambara mkononi: "Ngoja lipoe! Usifungue!"

Alifungua mara moja. Mkono wake ulibaki na ramani.

Fundi Nkwabi wa Mabatini hakuhubiri.
Alichungulia rejeta, akanuna, akaenda Igoma kwenye vyuma chakavu,
akarudi na kitangi cheupe kama kibuyu cha maziwa,
mfuniko mpya wenye springi ngumu,
mipira miwili, klipu nne.
"Maji ya zamani hayakuwa na pa kurudi," alisema,
"yakichemka, barabarani. Haya yatatoka, yatasubiri humu,
injini ikipoa itayavuta yenyewe.
Kama mtu anayemeza mate
badala ya kutukana."

Lutonja hakuwahi kuiona siku hiyo.

Jumapili nilipanda Bugando peke yangu, jua la saa saba,
mawe yakiwaka kulia na kushoto.
Mshale wa joto ulisimama katikati, kimya.
Juu nikaegesha palepale, kwa mazoea,
nikafungua boneti. Hakuna mvuke.
Maji tu, yakirudi taratibu kwenye mpira, glu, glu,

nami nimesimama na dumu limejaa,
sijui nimmwagie nani.